Je, wajua jinsi wagonjwa 7,244 walivyofuatiliwa bila hata mmoja kupotea?

Jaribio la tiba huwa gumu zaidi mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani. Anahama, anabadilisha namba ya simu, anachoka kuitwa kliniki, na watafiti hawajui tena kama yu hai. Fedha nyingi za utafiti huishia kwenye kumtafuta.

Madaktari wa moyo wa Sweden walipata njia nafuu. Walikuwa na sajili ya taifa, SWEDEHEART, inayoandika wagonjwa wa shambulio la moyo wanaozibuliwa mishipa, wawe kwenye utafiti au wasiwe. Mwaka 2010 wakaanzisha humo humo jaribio la TASTE, ndilo la wagonjwa wale 7,244, pamoja na hospitali moja ya Denmark na moja ya Iceland. Walitaka kujua: je, kufyonza damu iliyoganda kabla ya kupanua mshipa kunaokoa maisha? Daktari alijaza taarifa zake kama kawaida, na mgonjwa akikubali kwa mdomo, kompyuta ikapiga kura hapo hapo: huyu afyonzwe, huyu asifyonzwe. Ridhaa ya maandishi ilifuata baadaye, maana mtu aliyeshikwa na maumivu ya kifua hawezi kusoma kurasa za fomu.

Vifo navyo vilijulikana bila kumpigia mtu simu. Katika nchi hizo kila mkazi ana namba moja ya utambulisho, inayotumika hospitalini na kwenye daftari la vifo. Gharama ilikuwa takriban dola 50 kwa mgonjwa. Matokeo yalitoka 2013: ndani ya siku 30 walifariki asilimia 2.8 ya waliofyonzwa na asilimia 3.0 ya wasiofyonzwa, tofauti ambayo bahati tu inaweza kuileta. Utafiti mdogo wa Uholanzi ulikuwa umewapa madaktari matumaini makubwa zaidi.

Kwa nini basi wasisome rekodi tu, bila kura? Kwa sababu daktari huchagua. Akiwafyonza wale walio mahututi, vifo vyao vitaonekana vimeletwa na tiba. Kura ndiyo inayosawazisha makundi. Rekodi hupunguza kazi ya kufuatilia.

Uingereza ilifuata mkondo huo 2020 katika jaribio la RECOVERY: fomu fupi, mengine yakachotwa kwenye rekodi za huduma ya afya ya taifa. Lilianza Machi, na kufikia Juni lilikuwa limeonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Uviko walio kwenye mashine za kupumulia.

Lakini kifo huandikwa. Maumivu, uchovu na usingizi mbovu mara nyingi haviandikwi. Kwa hayo, lazima mgonjwa aulizwe mwenyewe.