Sean Taylor hakuwa nguzo ya Miami ya 2001

Kila safu mpya ya ulinzi ikitamba kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, mashabiki huilinganisha na ile ya timu ya Chuo Kikuu cha Miami ya 2001. Sawa, ila wengi huwapanga walinzi wake Ed Reed, Sean Taylor na Vince Wilfork kana kwamba walianza mechi pamoja. Taylor na Wilfork walikuwa wachezaji wapya mwaka ule, wakiingia kutoka benchi. Aliyeanza sambamba na Reed kwenye ulinzi wa nyuma kabisa ni James Lewis, jina ambalo karibu limesahaulika. Tena Miami hiyo iliwahi kuponea chupuchupu: wapinzani wao Boston College walikuwa wanakaribia kufunga dakika za mwisho, Matt Walters wa Miami akadaka pasi yao iliyogonga mchezaji, Reed akampokonya mwenzake huyo mpira na kukimbia nao yadi 80. Miami ikashinda 18-7.