Je, wajua kwa nini lugha ya programu ya C haina amri ya "nipe nyimbo tu"?

Pale Mwanga, Kigoma, mteja anafika kwenye kibanda cha nyimbo na flashi yake: "Nitolee nyimbo tu, picha za harusi ziache." Kijana anabofya mara moja, mp3 zinajipanga. Lakini anayejifunza C akitaka kuandika programu ya kazi hiyohiyo, hutafuta amri ya kuleta mp3 zote asiione.

Haimo. Dennis Ritchie alibuni C huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na maktaba yake sanifu hufungua faili ukilitajia jina. Folda haizijui, kwa kuwa kila mfumo endeshi una namna yake ya kuzipanga. Ndiyo maana kwenye Windows utaiita FindFirstFile, na kwenye Linux utatumia dirent.h.

Mfumo nao haukupi rundo zima. Hukupa jina mojamoja, kama kina mama wa Kibirizi, Kigoma, wanavyochambua dagaa: anaokota, anatazama, dagaa huku, mtoto wa samaki mgebuka kule. Kuchambua ni kazi yako, kwa mfano kwenye Linux:

DIR *d = opendir("nyimbo");
struct dirent *e;
while ((e = readdir(d)) != NULL) {
    char *nukta = strrchr(e->d_name, '.');
    if (nukta && strcmp(nukta, ".mp3") == 0)
        puts(e->d_name);
}
closedir(d);

(Folda isipokuwepo, opendir hurudisha NULL, yaani hakuna kitu. Ikague kabla ya kuendelea, la sivyo programu itaanguka.)

Napenda sana ile strrchr. Inatafuta nukta ya mwisho, kwa hiyo "harusi.2019.mp3" haiichanganyi. Ukitumia strchr, iliyopungukiwa r moja, utapata ".2019.mp3" na wimbo utaachwa nje. Wengi pia hukwama kwenye strcmp: sifuri maana yake maneno yanalingana, si kinyume chake. Tena kwake ".MP3" na ".mp3" ni vitu viwili, tumia strcasecmp kama majina yametoka kwenye vifaa tofauti. Usitegemee pia mpangilio wa alfabeti, readdir haiuahidi.

Ila hapa umechambua majina tu. Picha ukiibadilisha jina ikawa "wimbo.mp3", programu itaichapa bila wasiwasi, na hata folda yenye jina hilo itapita, mpaka uikague kwa stat. Ukitaka kujua faili ni la aina gani kweli, lifungue usome baiti za mwanzo: PDF huanza na %PDF, JPEG na FF D8 FF. Mp3 ndizo sumbufu. Nyingi huanza na herufi ID3, lakini si zote, kwa hiyo ukizikosa herufi hizo usilitupe faili kabla ya kujaribu kulipiga.