Uwekezaji wa kaya katika makazi: maana yake, na kwa nini Tanzania nyumba hujengwa kidogo kidogo

Uwekezaji wa kaya katika makazi ni uamuzi wa familia kuelekeza sehemu ya kipato chake kwenye kununua kiwanja, kujenga nyumba au kuiongeza iliyopo, badala ya kuimaliza fedha hiyo kwa mahitaji ya sasa au kuitia kwenye biashara, shamba au akiba ya benki. Nyumba huzaa kwa njia mbili: chumba kilichopangishwa huleta kodi, na chumba anacholala mwenyewe humwokolea kodi ambayo angemlipa mtu mwingine. Wachumi huihesabu nafuu hiyo ya pili kuwa pato, ingawa hakuna shilingi iliyopita mkononi.

Mahali ambapo mikopo ya nyumba ni ya kawaida, mtu hukopa, huhamia, kisha hulipa kwa miaka mingi. Nchini Tanzania walio wengi hulipa kwanza na kuhamia mwishoni. Benki ya Nyumba Tanzania ilianguka mwaka 1995. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu, lakini hadi leo jumla ya mikopo hiyo haifikii asilimia 1 ya pato la taifa. Benki hutaka hati miliki na kipato kinachothibitika, ilhali mama lishe au fundi seremala mara nyingi ana karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, na mapato yake hupanda na kushuka.

Kwa sababu hiyo tofali limekuwa akiba. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumuko wa bei ulipokuwa ukizidi asilimia 20 kwa mwaka, aliyenunua tofali na bati alihifadhi thamani kuliko aliyeacha shilingi benki. Lipo na jambo ambalo vitabu vya uchumi hulitaja kwa haya: fedha iliyo kwenye simu huombwa na ndugu, lakini ukuta uliokwisha kusimama hauazimwi.

Gharama ya njia hii, hata hivyo, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pagale lililofika kwenye lenta likakaa miaka bila kupauliwa halileti kodi wala haliokoi kodi, na mwenye nalo huendelea kumlipa mwenye nyumba wake, pengine miezi sita kwa mkupuo, fedha ambayo ingetosha kununua mabati kadhaa. Kwa maoni yangu, uamuzi mzito zaidi si kujenga au kutojenga, bali ukubwa wa ramani inayoanzwa. Wanaoanza na vyumba viwili vya uani, wakahamia humo na kuacha nafasi ya nyumba kubwa mbele, huigeuza kodi waliyokuwa wakilipa kuwa saruji na nondo za hatua inayofuata, na nyumba kubwa ikikamilika, vyumba vile vya uani hupangishwa.