Majeruhi Atibiwe Kwanza, PF3 Baadaye: Maswali na Majibu

Mimi ni tabibu katika kitengo cha dharura cha hospitali moja hapa Dar es Salaam. Maswali haya nimeulizwa na ndugu wa wagonjwa, wengi wao wakiwa bado na damu kwenye nguo. Nayajibu kwa maandishi kwa sababu kuna kosa moja tunaliona kila wiki, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi ndiyo linazidi: majeruhi anapelekwa kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3, hospitali inafuata.

PF3 ni nini hasa?

Ni fomu namba 3 ya polisi. Polisi anaandika jina la aliyeumia na maelezo mafupi ya tukio, kisha daktari anajaza alichokiona mwilini: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, linaonekana kusababishwa na kitu cha aina gani. Inarudi polisi, na baadaye inaweza kufika mahakamani, au kwenye bima kama ni ajali ya barabarani. Inatolewa bure. Kazi yake ni ushahidi, basi.

Mdogo wangu kagongwa na bodaboda pale Tazara. Naanzia wapi?

Hospitali.

Na kama kapigwa na watu, yaani ni kesi?

Hospitali.

Na kama kituo cha polisi kiko njiani, hatua chache tu?

Hospitali. Kama mko wawili, mmoja aende na majeruhi na mwingine ashuke kituoni kuchukua PF3. Kama uko peke yako, nenda na majeruhi. PF3 unaweza kuichukua leo jioni, unaweza kuichukua kesho. Daktari ameshaandika kila kitu kwenye faili la mgonjwa, na fomu ikija ataijaza akitazama faili hilo. Tena baadhi ya hospitali kubwa za jiji hili zina askari humo humo ndani ya geti.

Lakini si ni saa moja au mbili tu za kuchelewa?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloua.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akishapoteza zaidi ya lita 2, yuko mlangoni mwa kifo, na mshipa mkubwa ukikatika hahitaji saa mbili kufika hapo. Dakika chache zinatosha.

Kuna kijana aliletwa kwetu kutoka upande wa Buguruni, amekatwa na chupa kwa ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko. Walimfunga khanga. Khanga ilikuwa ya njano, lakini hilo nililijua kwa pindo tu, kwingine kote ilikuwa nyekundu na imeanza kukauka. Kaka yake aliingia akiwa ameinua mfuko wa nailoni: “Dokta, PF3 tunayo.” Karatasi ilikuwa imekunjwa vizuri mara nne, haina hata tone. Waliisubiri kituoni karibu saa tatu, kijana amekaa kwenye benchi. Mpaka anafika kwetu ngozi ilikuwa ya baridi, jasho linamtoka, presha haisomeki. Tulimtundikia maji, tukaomba damu, tukamkimbiza chumba cha upasuaji. Hakuvuka usiku ule. Kaka yake hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho kila mtu mtaani kwake angemwambia afanye.

Wa kichwa ndiye anayewadanganya watu zaidi. Kaanguka na pikipiki, kapoteza fahamu kidogo, kaamka. Anaongea, anaomba soda, anasema yuko sawa. Mnaona kuna nafasi ya kupitia polisi kwanza. Kumbe ndani ya fuvu damu inajikusanya polepole na kuukandamiza ubongo. Anaanza kusinzia kwenye benchi la kituo, mnasema mwacheni apumzike. Aliyegonga kichwa na kupoteza fahamu, hata kwa dakika moja, anatakiwa kuonwa na daktari hata kama anacheka.

Njiani, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie kila dakika kuchungulia kama damu imekata. Kisu kilichobaki mwilini usikichomoe. Usimpe chochote kinywani. Na tafadhali, majivu, unga wa kahawa na mafuta ya breki havizuii damu. Sisi tunapoteza muda kuvikwangua.

Dokta, wewe ni wa tiba. Kwa nini kila mara unatutajia Katiba?

Kwa sababu watu wanaamini sheria ndiyo inayotaka polisi kwanza, wakati sheria kubwa kuliko zote inaelekea kwingine kabisa. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema: “Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika Jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria.” Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba kwa marekebisho ya 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia Machi 1988.

Yasome tena maneno hayo. Hayaishii kwenye kusema mtu asiuawe. Yanataka maisha yake yahifadhiwe, na hifadhi hiyo aipate kutoka katika jamii. Dereva wa bajaji yumo, askari yumo, mlinzi wa geti la hospitali yumo, na mimi nimo. Katiba inapompa mtu haki, inaiwekea dola deni, na mdai ni yule aliyelala kwenye machela. Hatakiwi kuhangaika huku na huko kuthibitisha kwamba anadai.

Wanasheria huligawa deni hilo kwa maneno matatu. Kuheshimu: dola yenyewe isimdhuru mtu. Kulinda: mtu mwingine akimdhuru, achunguzwe na kushtakiwa. Kutimiza: pawe na mahali pa kutibiwa na mtu wa kumpokea. PF3 iko kwenye lile neno la pili, na ni kitu kizuri, kwa sababu bila ushahidi aliyekukata na chupa anarudi mtaani kesho. Ila sisi tumelichukua hilo la pili tukaliweka mlangoni mwa la tatu. Tunamzuia mtu kutibiwa kwa jina la kumlinda.

Kwa hiyo Katiba yetu inataja matibabu ya dharura?

Kwa jina, haitaji. Ibara ya 11 inagusa msaada wa jamii wakati wa maradhi, lakini Ibara ya 7 imezuia mahakama kuisimamia sehemu ile ya Katiba. Ndiyo maana nang'ang'ania Ibara ya 14. Wenzetu wa Kenya waliliandika waziwazi mwaka 2010, Ibara ya 43: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Afrika Kusini walishaliandika 1996, kifungu cha 27.

India ndiyo inayofanana na sisi zaidi, kwa sababu katiba yao nayo inataja haki ya kuishi tu, Ibara ya 21, bila neno dharura. Huko mtu wa skuta aligongwa na gari. Hospitali ya kwanza ikakataa kumpokea, ikaelekeza apelekwe nyingine iliyoruhusiwa kushughulikia kesi za polisi, kilomita 20 mbele. Akafia njiani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya India ikaamua kwamba haki ya kuishi inamtaka kila daktari, wa serikali na wa binafsi, amtibu majeruhi hapo hapo, taratibu za polisi zisimzuie. Nikiisoma habari ile naiona Dar es Salaam. Badilisha skuta weka bodaboda.

Hapa kwetu pia viongozi wa serikali wamesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza. Tatizo ni kwamba kauli hiyo haijafika kila geti, na mitaani ndiyo haijafika kabisa.

Binti yetu amebakwa. Hapo si lazima tuanze polisi ili ushahidi usipotee?

Hapana. Hapana kabisa. Ushahidi wenyewe uko mwilini mwake, na anayejua kuuchukua yuko hospitali. Mkizunguka, ndiyo mnaupoteza.

Na kuna saa inayohesabu. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi ndani ya siku 5, mapema ndiyo bora. Yapo pia majeraha ya kutibiwa, yapo magonjwa mengine ya zinaa ya kukinga, na yupo mtoto mwenyewe anayehitaji mtu wa kuzungumza naye.

Mama mmoja alimleta mwanawe Jumanne asubuhi. Tukio lilikuwa la Ijumaa jioni. Jumamosi waliambiwa kituoni kwamba askari mhusika hayupo, Jumapili vivyo hivyo, Jumatatu wakaambiwa wangoje. Walikuja na PF3, na saa 72 zilikuwa zimeshapita usiku uliotangulia. Yule mama aliniuliza, “Sasa dokta, dawa mnampa?” Kumjibu lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka ule.

Asioge na asifue nguo kabla ya kupimwa. Nguo wekeni kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni inaziozesha. Kama ameshaoga, njooni hivyo hivyo. Mkiweza, nendeni hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako pamoja, na fomu inajazwa pale pale. Kuhusu kesi, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyebakwa mwenyewe. Zipo kesi ambazo PF3 iliondolewa kwenye ushahidi na mshtakiwa bado akatiwa hatiani. Kesi inaweza kusimama bila karatasi ile. Lakini saa 72 zikipita, zimepita.

Kuna ndugu amekunywa sumu. Tunaogopa kumleta, tutakamatwa?

Mleteni. Najua hofu inatoka wapi: kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na familia nyingi zinamficha mgonjwa ndani huku zikimnywesha maziwa. Maziwa hayatibu. Kumtapisha kwa nguvu kunaweza kupeleka sumu kwenye mapafu. Mleteni na chupa au pakiti aliyotumia, tuone ni sumu gani. Sisi tunamtibu. Hatuji na pingu.

Tukifika, na nyinyi wenyewe mkatuambia “leteni PF3 kwanza”?

Inatokea, na sitawatetea wenzangu. Wengine wanaogopa kuitwa mahakamani, wengine wameikuta desturi hiyo kazini na hawajawahi kuihoji. Mwambie anayekukataa, kwa sauti ya kawaida: “Huyu ni mgonjwa wa dharura, mpokeeni, PF3 inafuata.” Omba kuonana na daktari wa zamu. Akikataa pia, omba mganga mfawidhi, na uandike majina yao na saa. Usianze kugombana huku mgonjwa anavuja damu. Kama kuna hospitali nyingine karibu, nenda.

Madai yafuate mgonjwa akishakuwa kitandani. Kuna mganga mkuu wa manispaa. Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo kilichoundwa na Katiba hiyo hiyo. Na Ibara ya 30 inamruhusu mtu ambaye haki yake imevunjwa kufungua shauri Mahakama Kuu. Majina na saa ulizoandika ndizo utakazozihitaji huko.

Mtu akija na PF3 mkononi, si anapokelewa haraka zaidi?

Hapana. Tukimlaza tunaangalia anapumuaje, mapigo ya moyo, presha, fahamu, na damu inatoka wapi. Kwa hayo matano tunaamua nani aingie kwanza. Fomu tunaiuliza tukishamaliza, na kama hamna, tunamwandikia faili na kuendelea.