The Ipcress File: yanayosemwa na yaliyomo

Kila nikimwambia mtu aitazame The Ipcress File, sinema ya ujasusi ya Uingereza ya mwaka 1965, napewa moja ya majibu mawili. La kwanza: "Ah, ile ya kumpinga James Bond?" La pili: "Si ndiyo ile inayochosha?" Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi, basi nalo lisubiri mwisho. Kwanza nipitie hilo la kwanza na mengine ninayoyasikia.

Eti ilitengenezwa na wapinzani wa Bond. Wapinzani gani? Mtayarishaji wake ni Harry Saltzman, yule yule aliyeshirikiana na Albert Broccoli kutoa filamu za Bond: Dr. No, From Russia with Love na Goldfinger. Muziki ni wa John Barry. Seti ni za Ken Adam, fundi wa yale mapango na makasri wanamojificha maadui wa Bond. Mhariri ni Peter Hunt, aliyehariri filamu za Bond tangu ile ya kwanza. Karakana ni ile ile na mafundi ni wale wale, ila safari hii waliagizwa stuli badala ya kiti cha enzi. Stuli yenyewe ilimpa Adam BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, na filamu nzima ikachukua ya filamu bora ya Uingereza. Waliosema usione vyaelea hawakukosea.

Sikiliza muziki tu utanielewa. Kwa Bond, Barry aliachia matarumbeta yapasue masikio. Hapa aliweka mbele simbalomu, ala ya nyuzi ya Ulaya ya Mashariki inayogongwa kwa vijiti. Sauti yake inatetemeka kama kitu kilichosahauliwa chumba cha pili, na kila inaporudi unajua kuna mtu anafuatwa.

Eti Harry Palmer, jasusi wa filamu hii, ametoka kitabuni. Sura yake, ndiyo. Jina, hapana. Riwaya ya Len Deighton ya mwaka 1962 inasimuliwa na jasusi asiyetajwa jina hata mara moja. Kwenye sinema hilo lisingewezekana, maana watu lazima wamwite kitu. Michael Caine, aliyeigiza, amesimulia kwamba walikaa kutafuta jina la mtu wa kawaida kabisa, lisilo na mvuto wowote, naye akaropoka: "Harry." Kisha akakumbuka bosi aliyekaa mbele yake anaitwa nani. Kwa bahati Saltzman alicheka.

Ukawaida huo haukuwa wa jina tu. Palmer ni sajini aliyenaswa kwa magendo akiwa jeshini Berlin, na anafanya ujasusi kwa sababu Kanali Ross amemshika pabaya: kazi hii au jela. Mabosi wake wawili, Ross na Meja Dalby, wanaongea kama watu waliozaliwa wakisubiriwa na watumishi. Yeye anaongea kama mtoto wa London ya wachapakazi, na hakuna aliyehitaji kumfundisha lafudhi, kwa sababu baba yake Caine alikuwa mbeba samaki katika soko la Billingsgate na mama yake alisafisha nyumba za watu. Mwaka mmoja nyuma, katika filamu ya Zulu, alikuwa amepewa nafasi ya afisa wa ukoo bora. Hapa aliachiwa awe yeye.

Eti mapishi yamewekwa kujaza muda. Hili hasa ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nami nilikuwa na dhana hiyo hadi nilipoitazama mara ya tatu.

Filamu inaanza asubuhi. Saa ya kengele inalia, na chumba unachokiona kimefifia, huelewi kipi ni kipi, mpaka mkono unapopapasa miwani na kuivaa. Ghafla kila kitu kinakaa sawa. Kumbe tulikuwa tunatazama kwa macho yake. Kisha anasaga buni, anamwagia maji ya moto, anasubiri. Hakuna anayefukuzwa wala kupigwa risasi. Lakini ukimwona anavyopima kahawa yake umeshajua huyu ni mtu wa aina gani: makini, mwenye ladha zake, anayeishi peke yake na hajali nani anamwonaje. Ni sifa hizo hizo zitakazomwokoa baadaye.

Mwaka 1965 shujaa wa sinema mwenye miwani na mwiko mkononi hakuwa jambo dogo. Caine amesema kulikuwa na wakubwa waliohofia kwamba mwanamume anayempikia mwanamke ataonekana si rijali. Jibu la filamu ni la kupendeza. Jean, anayefanya kazi naye, anamuuliza kama huwa anavaa miwani wakati wote. Wakati wote isipokuwa kitandani, anamjibu. Jean ananyoosha mikono na kumvua miwani.

Na ile picha ya karibu ya mayai yakivunjwa kwa ajili ya kimanda, mikono unayoiona si ya Caine. Ni ya Deighton mwenyewe, mwenye kitabu. Caine hakuweza kuvunja mayai mawili kwa mkono mmoja, na Deighton aliweza, kwani alikuwa mpishi hodari aliyekuwa akichora mapishi mithili ya katuni kwenye gazeti la The Observer. Tazama ukuta wa jikoni kwa Palmer: vipande vya gazeti hilo vimebandikwa pale.

Eti kamera imekaa vibaya. Imekaa hivyo makusudi. Mwongozaji Sidney J. Furie, Mkanada, hakuipenda hati aliyopewa, basi akaamua kuisimulia kwa jicho. Yeye na mpiga picha Otto Heller, mzaliwa wa Prague, waliificha kamera nyuma ya taa, chini ya meza, begani kwa mtu, hata nusu ya picha ikazibwa. Palmer anapopigana nje ya Royal Albert Hall, sisi tumefungiwa ndani ya kibanda cha simu na tunaona ngumi kupitia vioo vyake. Ni vile vile jirani anavyoshuhudia ugomvi wa barabarani kupitia dirishani: unaona nusu, nusu nyingine unaikisia. Katika filamu ya kupelelezana, sijui ungetaka kamera ikae wapi pengine.

Eti kuoshwa akili kwa namna ile kuliwezekana kweli. Kama hujaitazama, ruka aya hii. Wanasayansi wa Uingereza wanatoweka na kurudi vichwa vitupu, na hatimaye Palmer mwenyewe anaingizwa ndani ya sanduku lenye picha zinazochezacheza na kelele za mitambo, mpaka akili ikubali amri. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli katika zama zake. Vita ya Korea ilipokwisha, Wamarekani 21 na Mwingereza mmoja waliotekwa walikataa kurudi makwao, na watu wengi hawakuwa na maelezo mengine ila kwamba wameoshwa akili. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilianza mradi wa MKUltra mwaka 1953 kutafuta njia ya kuitawala akili ya mtu. Iliharibu maisha ya watu, lakini funguo ya kumwendesha binadamu kama redio haikuipata. Caine mwenyewe alipigana Korea akiwa kijana, kwa hiyo hofu ile hakuisoma magazetini tu. Na wanaodhani sehemu ile ya sanduku inatokea Albania, waendelee kutazama mpaka Palmer atakapotoka nje na kuona basi la London linalopita.

Sasa, eti inachosha. Inamchosha anayesubiri mlipuko. Hatari ya filamu hii imo katika fomu za kujaza, mafaili yanayopotea, na swali la nani kati ya mabosi wawili anamuuza mwenzake. Mfano wangu ni supamaketi. Kanali Ross anamkuta Palmer akinunua vyakula, na huku matoroli yakisukumwa bega kwa bega, anamtaka ampatie faili kwa siri, bila Dalby kujua. Ni kumtaka amsaliti bosi wake wa kila siku, na anayetaka hivyo ndiye anayeweza kumrudisha jela. Palmer amesimama mbele ya uyoga wa makopo. Anachagua. Ross anamwambia analipa zaidi kwa ajili ya lebo ya Kifaransa tu. Si lebo tu, anajibu Palmer, ladha yake ni bora, na kopo linaingia torolini.