Mti wa mpira uliokauka si lazima uwe umeambukizwa

Bukavu kuna baridi mno kwa mti wa mpira. Mashamba yake yako bondeni, upande wa Kisangani na mkoa wa Équateur. Lakini maneno ya huko yalishapanda mpaka kwetu. Jirani yangu wa Kadutu, mzee aliyegema mpira ujanani, bado anashikilia kwamba mti ukiacha kutoa utomvu umeambukizwa na kisu kilichotoka kwenye mti mwingine, basi ukatwe upesi.

Sivyo, mzee wangu. Mara nyingi ni kuchoka tu. Utomvu hukaa katika mirija myembamba ndani ya gome, na kila ukichanja, mirija hiyo inabidi itengeneze upya kilichotoka. Ukichanja kila siku, au ukizidisha ethefoni, ile dawa ya kuchochea utomvu, mirija inashindwa. Kwanza utomvu huwa majimaji na kuchuruzika muda mrefu. Kisha kipande cha mkato hubaki kikavu, na gome la ndani linageuka kahawia. Watafiti wametafuta kijidudu miongo mingi, hakijathibitishwa. Kinachofaa ni kuupumzisha mti miezi kadhaa, ingawa miti mingine hairudi kutoa utomvu.

Mzee hakukosea kabisa, lakini. Msimu wa mvua kuna magonjwa halisi ya gome: moja huacha michirizi myeusi ya wima juu ya mkato, jingine hufunika mkato kwa ukungu wa kijivu. Hilo la ukungu ndilo husafiri na kisu, na hapo ndipo kisu kipanguswe kwa dawa ya kuua ukungu kabla ya mti unaofuata.