«Iko na madokima yote»: karatasi za parsele na maana zake

Kiangazi kikiingia Lubumbashi, tanuru za matofali zinawaka pembezoni mwa mji, na mtu aliyekusanya pesa mwaka mzima anaanza kutafuta parsele, yaani kiwanja. Huo ndio wakati malalamiko yanapojaa kwenye meza zetu, sisi tunaoshughulikia hati za ardhi. Karibu yote yanaanza na sentensi moja aliyoitamka muuzaji, na mnunuzi akatulia: «Usiwe na wasiwasi, papa, iko na madokima yote.»

Neno hilo, madokima, linabeba karatasi saba au nane ambazo nguvu zake hazilingani hata kidogo. Mtu akiambiwa kuna madokima, aulize jina la kila karatasi. Ninayoyaeleza hapa ni ya jumla. Kila faili ina mambo yake, na palipo na kesi, mahakama ndiyo inayoamua.

Tuanze na jambo tunalolirudia kila siku. Sheria ya ardhi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kupita kwa miaka. Bado mtu anakuja kutuambia «nilinunua udongo huu». Hapana. Ulichonunua ni haki ya kuutumia, inayoitwa konsesio, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Anayedhani amenunua udongo wenyewe haoni haja ya kuja kuandikisha chochote, na hapo ndipo hasara yake inapoanzia.

Konsesio ni za aina mbili. Ile ya kudumu, «concession perpétuelle», inapewa Mkongomani aliye mtu binafsi. Konsesio ya kawaida inapewa kampuni, shirika na mgeni; ile wanayopewa mara nyingi haizidi miaka 25, ingawa inaweza kuandikwa upya. Naomba wachungaji na viongozi wa mashirika waisome sentensi hiyo mara mbili. Waumini wakichanga pesa na parsele ikaandikwa kwa jina la mtu mmoja ili ipate konsesio ya kudumu, kwenye kitabu chetu cha kuandikisha haki za ardhi mwenye haki ni mtu huyo, na baada yake warithi wake.

Sasa karatasi zenyewe. «Acte de vente», karatasi ya mauzo mliyoandikiana nyumbani mbele ya mashahidi inaonyesha kwamba mliuziana na pesa zilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Inawafunga ninyi wawili, haimfungi mtu wa tatu mwenye sertifika, yaani hati ya haki iliyoandikishwa ofisini. «Fiche parcellaire» inausaidia utawala kujua nani anakaa wapi; si hati ya haki. Kwenye komine (sehemu za utawala za mji) za zamani kama Kenya, Katuba na Kamalondo bado kuna familia zenye «livret de logeur», kitabu cha makazi, ya babu. Kitabu hicho kina thamani, kisitupwe: kifungu cha 390 kinamruhusu Mkongomani aliyenacho kihalali atambuliwe konsesio ya kudumu, ikiwa parsele iko sehemu iliyogawanywa na kupimwa. Ila lazima mtu aje aombe. Kikikaa ndani ya sanduku hakijigeuzi sertifika.

Kwenye komine Annexe, swali kubwa ni karatasi ya shefu wa mila. Tunamheshimu shefu, na neno lake linasaidia kujua historia ya mahali na nani alikaa hapo kwanza. Lakini kifungu cha 219 kiko wazi: haki ya kutumia ardhi inathibitishwa kisheria na «certificat d'enregistrement» tu, ndiyo sertifika. Watu wawili wakija, mmoja na muhuri wa shefu na mwingine na sertifika iliyotolewa kihalali, tunajua faili itaelekea wapi. Inauma kumwambia hivyo mama aliyeuza mzigo wake wote wa soko ili alipe. Ndiyo sababu tunasema mapema.

Halafu kuna «contrat de location». Neno location limewapoteza wengi, kwa sababu wanafikiri ni mambo ya kupanga nyumba. Hapa ni mkataba kati yako na Serikali, wa muda usiozidi miaka 3, wa kukutayarisha kupata konsesio. Unapewa nafasi ya kujenga. Parsele inapimwa na mipaka inawekwa alama. Ukishajenga, watumishi wanakuja kuangalia na kuandika ripoti kwamba umeiendeleza. Ndipo mnatia sahihi mkataba wa konsesio, na mwisho sertifika inatolewa. Anayekuuzia parsele yenye mkataba wa location uliokwisha muda, bila msingi hata mmoja uliochimbwa, anakuuzia matatizo, maana Serikali inaweza kuirudisha ardhi hiyo mikononi mwake.

Sertifika inaandikwa mara mbili. Moja inabaki katika kitabu cha konservatere, afisa anayetunza hati za ardhi, nyingine anapewa mwenye haki. Juu yake kuna namba ya volume (kitabu) na ya folio (ukurasa). Chukua namba hizo mbili, uje nazo ofisini kabla ya kutoa hata dola moja, uombe kwa barua kujua jina lililo katika kitabu na mizigo iliyoandikwa humo, kama rehani. Usikubali fotokopi pekee, na usikubali komisionere, yaani dalali, akuambie ameshakuangalilia. Komisionere anajua njia za mji, lakini hajui kilichoandikwa kitabuni.

Ikishapita miaka 2 tangu sertifika itolewe, haki iliyoandikwa ndani yake haishambuliwi tena. Anayelalamika anabaki kudai fidia. Kifungu cha 227 hicho. Kwa hiyo anayeona mtu amepata sertifika juu ya parsele yake kwa hila au kwa makosa asingoje mkutano wa familia wa mwaka kesho. Siku zinahesabiwa.

Kuhamisha jina, «mutation», hakufanyiki kwa kupeana funguo. Muuzaji na mnunuzi wanapeleka mkataba ulio katika hati rasmi, kwa notere (afisa anayethibitisha mikataba) au kwa konservatere mwenyewe. Sertifika ya zamani inarudishwa na kufutwa, mpya inatolewa kwa jina la mnunuzi. Malipo ya Serikali yanafanywa benki, kufuatana na «note de perception», karatasi inayoonyesha kiasi cha kulipa, na stakabadhi inarudishwa kwenye faili. Pesa uliyompa mtu mlangoni haiingii katika faili, na hatuwezi kuihesabu. Mpaka siku ile kitabu kinabadilishwa, kwetu mwenye parsele ni yule yule wa zamani, hata kama wewe umeshaezeka bati.

Kama muuzaji ameoa au ameolewa, kifungu cha 499 cha sheria ya familia kinataka ridhaa ya wote wawili, hata kama mali ni ya mmoja wao. «Bibi yangu anajua» si ridhaa. Aje atie sahihi. Kama mwenye parsele alifariki, uliza kwanza urithi umefanywa wapi na nani ametajwa. Kaka mkubwa peke yake hauzi nyumba ya watoto wote wa marehemu.

Adhabu zipo. Anayeuza nyumba au parsele isiyo yake anatenda kosa linaloitwa «stellionat», kifungu cha 96 cha sheria ya makosa ya jinai, na anaweza kufungwa miezi 3 hadi miaka 5 pamoja na faini. Anayetumia ardhi bila sheria wala mkataba anaangukia kifungu cha 207 cha sheria ya ardhi: miezi 2 hadi 6 gerezani na faini. Wanaomsaidia wanaadhibiwa pia, wakiwemo wanaotia sahihi kama mashahidi wa jambo wanalojua ni uongo.

Na kwa kuwa tuko Katanga: hati ya ardhi haikupi madini yaliyo chini yake. Haki ya madini inafuata sheria nyingine, ile ya mwaka 2002 iliyorekebishwa 2018. Ukikuta jiwe la kijani ukichimba kisima, parsele ni yako kwa kukaa, jiwe si lako.

Maneno ya pesa yanaponza pia. Ukitoa kiasi kidogo ili muuzaji asiuzie mwingine, andikeni ni nini. «Acompte» ni sehemu ya bei, na mauzo yameshafungwa. «Arrhes» inaacha mlango wazi: mnunuzi akigeuka anaipoteza, muuzaji akigeuka anairudisha mara mbili. Risiti iliyoandikwa «avance» tu inawapeleka wote wawili mahakamani kubishana maana.

Rehani, «hypothèque», inaandikwa kwenye kitabu cha konservatere na kwenye sertifika. Kumpa mkopeshaji wa mtaani, yule wa «benki lamberi», sertifika yako aifiche kabatini si rehani. Na anapokutaka utie sahihi «acte de vente» yenye tarehe isiyojazwa, eti ni dhamana ya mkopo, amekutaka uuze nyumba. Tumeona familia zikitolewa katika nyumba ya dola elfu nyingi kwa deni la mia chache. Usitie sahihi hiyo, hata kama mgonjwa yuko hospitali. Njoo uulize kwanza.

Kwa wapangaji, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka mpaka wa garanti, pesa ya dhamana, kwa nyumba ya kukaa: kodi ya miezi 3, si 6 wala 10. Pesa hiyo si nyongeza ya kodi kwa mwenye nyumba. Ni ya mpangaji, na inarudishwa akitoka bila deni wala uharibifu. Siku ya kuingia, pitieni chumba kwa chumba, andikeni hali ya milango, vioo, mabomba na kaunta (mita) ya umeme, mtie sahihi wote wawili, na kila mmoja abaki na karatasi yake.